Nitumie Makosa Mapya

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Useremala.
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Kijiko wangu,

Pokea salamu kwanza, habari zitafuata. U hali gani, mwanangu? Kazi inakwendaje? Kile kikohozi ulichokuwa unakificha kwenye simu kimekwisha, au bado unajidai ni vumbi? Na dirisha la chumba chako kipya je, linafunguka? Ulisema mbao zimevimba. Dirisha lililovimba halisukumwi kwa kiwiko, utakuja kuvunja kioo bure. Lisugue pembeni kwa kipande cha mshumaa, litateleza lenyewe.

Sisi huku hatujambo, Mungu anatushika mkono. Magoti yangu yanalia nikichuchumaa, lakini siku hizi sichuchumai sana, nasimama jikoni. Ndiyo, umesoma vizuri: jikoni. Usicheke bado, kichekesho hakijafika.

Barua yako ilifika salama, bahasha imekunjamana lakini maneno yote mazima. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, mama yako alikuwa anapikaje maharage yake na ile keki ya ndizi, maana ya kwako eti yanatoka magumu na keki inatoka tofali. Pili, anaendeleaje kwa kweli, bila kukuficha. Basi, mambo hayo mawili huku kwetu yamekuwa jambo moja.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukinong'ona chumbani unajibiwa kutoka jikoni. Mama yako amefungwa ulimi, hakufungwa masikio, na ninayotaka kukuambia hatakiwi kuyasikia. Kwa hiyo nimejificha karakana, nimekaa juu ya benchi la randa, naandika kwa penseli ya kuchorea mbao. Ukiona vumbi la msumeno ndani ya bahasha, ni langu.

Tangu kile kiharusi cha mwaka jana, unajua mwenyewe, mkono wake wa kulia umelala na maneno yamemkwama. Ulipokuja kumwona hospitali ulimwacha hivyo. Kila Jumapili ulipopiga, nikimwekea simu sikioni ulikuwa unasikia pumzi tu. Najua kwa nini uliacha kuniambia "mpe mama." Sikulaumu hata kidogo. Hata mimi nilikuwa natoka nje nikijifanya nakwenda kuangalia mbao.

Mama yako ni mtu aliyepika kwenye bwalo la shule, akawa anawanyamazisha watoto wote kwa neno moja. Hata hapa nyumbani, kikombe kikiwekwa pasipo pake kilikuwa kinapata habari yake, na aliyekiweka pia. Mara ghafla, kimya. Kijiko, niliogopa. Nilikuwa namwona amekaa mlangoni mwa jikoni, kwenye kile kiti cha mikono mipana nilichomtengenezea, anazitazama sufuria zake ukutani, na sina la kumfanyia. Yule mtaalamu wa kliniki anayewafundisha wagonjwa kusema aliniambia maneno hayajafa, yamo ndani, njia ndiyo imeziba. Nisimlazimishe, nizungumze naye tu. Nikazungumza mpaka nikachoka kujisikiliza. Yeye alikuwa na mwiko katika mkono wa kushoto, anagonga kiti: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ndoa yetu nzima ikawa ko, au ko-ko.

Chakula alikuwa anatuletea jirani yetu, fundi cherehani, Mungu ambariki mama wa watu, lakini mama yako akikiona anageuza uso. Chakula cha mtu mwingine ndani ya jiko lake, thubutu! Akaanza kukonda. Pete ikawa inazunguka kidoleni. Basi nikavua aproni yenye gundi, nikanawa, nikaingia mwenyewe.

Haya, sasa cheka. Makabati yale yote niliyatengeneza mimi, nikayapima kwa kimo chake yeye, na tangu niyapigilie ukutani sikuwahi kuyafungua. Siku ya kwanza nilijigonga kipaji cha uso kwenye kona ya kabati la juu, kona kali, kazi safi, nikashindwa hata kumtukana fundi. Chumvi niliitafuta nusu ya asubuhi, kumbe imo ndani ya kopo lililoandikwa majani ya chai. Mama yako ananitazama tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi kitanda chenyewe nilikichonga na bado sikuwajua.

Mwanzoni nilipika mayai na viazi, vitu ambavyo hata mjinga hawezi kuvikosea sana. Kisha siku moja nikajipa moyo, nikabandika sufuria nikaange vitunguu vya kuungia maharage. Mafuta yakapata moto, vitunguu vikalia chwaaa, na mimi nikaona shikio la sufuria limelegea. Si unanijua? Nikiona skrubu imelegea siwezi kulala. Nikaenda kutafuta bisibisi kwenye droo. Nimeinama hivyo, nikasikia nyuma yangu:

"Unaunguza!"

Sauti yake, mwanangu! Ile ile ya bwaloni, imekwaruza kidogo kwa kukaa bila kutumika, lakini yake. Niligeuka na bisibisi mkononi. Naye alikuwa amepigwa na butwaa kuliko mimi. Moshi unapanda, hakuna anayezima moto, tunatazamana tu. Akarudia, "Unaunguza, wewe!" Nikalia. Nilisingizia vitunguu, lakini vilikuwa vimeshakuwa makaa, havina uwezo wa kumliza mtu tena. Tulikula mkate mkavu na chai, na sikumbuki kushiba vile.

Kesho yake nikapika kwa uangalifu wote nilio nao, nikidhani nikimfurahisha atasema zaidi. Wapi! Akala, akagonga mara moja, basi. Siku iliyofuata hivyo hivyo, chakula kizuri, ko, kimya. Nikaanza kujiambia labda nilisikia vibaya. Kisha nikatia chumvi kwenye maharage yakiwa bado magumu, kwa ujinga wangu tu, na hapo hapo nikaisikia tena: "Chumvi mwisho!"

Ndipo akili ikanifunguka. Nikimbembeleza, maneno yanajificha. Nikimharibia sufuria, yanatoka mbio yenyewe. Nilimdokezea mtaalamu wa kliniki, akasema ndivyo mara nyingi inavyokuwa, maneno ya ukali na ya mazoea yana njia yao ya mkato. Sikumwambia nimekusudia kufanya nini na hiyo njia ya mkato.

Nikaanza kuharibu chakula kwa makusudi. Nilikuwa napanga kosa la kesho kama ninavyopanga kazi ya mteja. Na kila kosa likawa linaniletea neno, na kila neno lilikuwa kipande cha upishi wake ambao hakuwahi kumwambia mtu. Si unakumbuka? Ulikuwa ukimwuliza chumvi kiasi gani, anakujibu, "Ya kutosha." Maji kiasi gani? "Ya kutosha." Basi mapishi uliyoyaomba haya hapa, jinsi nilivyoyapata, kwa kugombezwa.

Maharage kwanza. Yaloweke tangu jana yake, asubuhi mwaga yale maji, uyachemshe kwa maji mapya. Chumvi usiiguse mpaka harage lipondeke kati ya vidole viwili bila ubishi. Kitunguu kikate chembamba. Mafuta yapime kwa kipande kimoja: kikinyamaza, subiri; kikilia, mimina vyote, punguza moto, ukoroge mpaka vipate rangi ya asali. Kitunguu saumu kinakuja baadaye, kwa sababu mimi nilikitanguliza makusudi nikaambiwa, "Kichungu!" Na kweli, kikiungua ni dawa ya mchango. Nyanya zikaange mpaka mafuta yajitenge pembeni. Nilipomimina maharage kabla ya hapo aligonga mpaka nikadhani atauvunja mkono wa kiti, kisha akasema, "Mbichi hizo." Siri ya mchuzi wake mzito ilinisumbua sana. Niliipata siku niliyotia unga wa ngano ili uwe mzito. Alinitazama kama amemshika mwizi. "Bonda!" Yaani chota upawa mmoja wa maharage yaliyoiva, yabonde, uyarudishe sufuriani. Hakuna kingine.

Wali nilikuwa naufunua kila wakati kuutazama, na kila nikifunua: "Funika!" Nikaufunua tena makusudi. "Acha kuchungulia!" Sentensi nzima, Kijiko! Siku hiyo nilifunua sufuria ile mpaka wali ukapoteza mvuke wote, ukatoka mgumu kama kokoto, nasi tukautafuna kwa furaha, mimi zaidi kuliko yeye. Wewe osha mchele mpaka maji yawe safi, kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili pungufu kidogo vya maji, na maji yakikaribia kukauka funga mfuniko kwa kitambaa safi, shusha moto, uondoke jikoni kama huna hamu ya kula. Ukiungua chini, usikoroge wala usikwangue. Hamishia wa juu kwenye sufuria nyingine, uweke kipande cha mkate juu yake, ufunike kidogo. Harufu ya moshi itapungua.

Na mchuzi ukizidi chumvi, fundi cherehani atakuambia tumbukiza kiazi kinyonye. Alilisema hilo mlangoni kwetu, mama yako akamgongea ko-ko, kisha akatamka, "Ongeza maji." Mama wa watu alidondosha utepe wake wa kupimia.

Keki sasa. Ndizi tatu, zile zilizokuwa nyeusi maganda mpaka mtu anataka kuzitupa. Mimi nilinunua za njano zenye ukijani mkiani, nikaambiwa, "Hazijaiva!" Ziponde kwa uma, tia sukari kikombe kasoro kidogo, mayai mawili, mafuta nusu kikombe, koroga. Kisha unga vikombe viwili, uliochekechwa pamoja na vijiko viwili vya chai vya bekingi poda na chumvi ya kubana kwa vidole. Hapa ndipo tofali lako linapotoka, nina hakika. Unga ukishaingia, kupiga mwisho. Mimi niliupiga kama gundi, naye akajiinua kitini, akasema, "Usipige! Changanya!" Geuza taratibu kutoka chini kwenda juu, unga mkavu ukipotea, acha. Oka kwa moto wa wastani. Mimi nilifungua oveni mapema makusudi, na keki ikazama katikati mbele ya macho yetu kama paa lililokosa nguzo. Akasema, "Mlango..." halafu akacheka. Alicheka, mwanangu, mabega yakatikisika, upande mmoja wa uso unacheka na mwingine unajaribu. Nilisimama pale na tambara la oveni mkononi nikaomba Mungu nisisahau. Keki imeiva ukichoma kijiti kikatoka kikavu. Nimekuchongea vijiti kadhaa vyembamba, nimevipiga msasa. Vimo kwenye bahasha hii, usivifanye vya meno.

Tatizo ni kwamba jina langu hapa mtaani limeharibika kabisa. Fundi cherehani akihisi harufu inatoka kwetu anafunga dirisha. Mteja mmoja amenipa pole, akifikiri nimepungukiwa akili. Nami najua kupika, Kijiko! Huwezi kukipinda kitu vizuri kama hujui kukinyoosha, kwa hiyo kila pishi nalijaribu kwanza hapa karakana, kwenye lile jiko dogo la gundi, mpaka litoke sawasawa. Nikishajua ubora wake ndipo naingia nyumbani kuuharibu. Mafundi wenzangu wanakula vizuri kuliko mke wangu, na hawaelewi kwa nini nawaapisha wasimwambie.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kwenye shida yangu. Makosa yananiishia. Kosa la kurudia halimtoi neno tena, anagonga tu, ko-ko, kama zamani. Vitunguu nimeunguza, chumvi nimezidisha, nimepunguza, nimesahau. Juzi nilitia sukari kwenye viazi akavisukuma pembeni bila hata kunitazama. Jana hakusema neno lolote kutwa nzima. Ile hofu yangu imerudi. Naogopa makosa yakiisha na maneno yataisha, na tutarudi kule kwenye kugonga mpaka mmoja wetu atangulie.

Ndiyo maana nakuomba, nitumie makosa mapya. Wewe ndiye uliyekuwa unazunguka na kijiko mdomoni, ukaunguza sufuria ambazo mimi sikuwahi kuziona. Fikiri sana. Kosa gani lilimpandisha hasira kuliko yote? Niandikie yote, ya chumvi na ya sukari, hata ya aibu. Na ukija likizo ya Desemba usinisaidie jikoni wala usisifu chakula, hata nikikosea nikapika vizuri. Kula, nyamaza, uhuzunike.

Naiacha barua hapa kidogo. Nasikia sauti barabarani, na sauti hiyo ni ya dada yangu. Shangazi yako hajatoa taarifa, kama kawaida yake.

*

Jumamosi, 17 Mei.

Naendelea. Shangazi yako ameondoka leo asubuhi, nyumba imepumua. Ninayo mengine ya kukuambia, na nisingependa uyasome kabla ya yale ya juu, kwa hiyo barua sikuichana.

Shangazi yako unamjua, mdomo wake haujui kona. Alifika na kikapu, akakitua mezani, akasema amekuja na mkate wake mwenyewe kwa sababu habari za mapishi yangu zimemfikia mpaka huko kwake. Halafu akamgeukia mama yako, akamshika bega. "Pole, wifi yangu," akasema. "Huyu tangu utotoni hajui kuchemsha hata maji ya kunawa."

Kijiko, ilinichoma. Ningemwacha aseme, yangepita. Lakini mimi ni fundi. Mtu akisimama mbele yangu akasema meza yangu inayumba, siwezi kumwachia meza inayoyumba. Alipoyarudia jana, nikafunga aproni. Nikamwambia dada yangu akae, asishike kitu.

Nikapika nyama kwa viazi. Nyama niliikausha kwa kitambaa kabla ya kuikaanga ili isitoe maji, nikaikaanga kidogo kidogo ipate rangi, nikaichemsha kwa moto mdogo na karoti, viazi vikaingia mwisho visivurugike. Wali ukatoka chembe moja moja. Maharage yakatoka mazito, yanang'aa. Na keki, jamani, ilipanda ikawa sawasawa kuanzia ukingo hadi ukingo, hata ningeiwekea pimamaji isingepata kosa. Shangazi yako alikula sahani ya kwanza bila kusema neno, na hilo peke yake ni la kuandikwa. Sahani ya pili akafumba macho. Alipofika kwenye keki akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado kuna kipande cha kufunga aende nacho.

Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilisimama pale nimeshika kiuno. Ndipo nikamwona mama yako. Alikuwa amemaliza kila kitu, sahani nyeupe pe. Hakugonga. Alikuwa anaitazama keki, kisha ananitazama mimi, kisha anaitazama keki tena, kama anavyokagua bei anayoishuku. Hapo nikajua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Shangazi yako alipokwenda kujinyoosha chumbani, nikajificha kwenye vyombo. Nikasugua sufuria iliyokuwa safi. Nyuma yangu, ko. Sikugeuka. Ko. Nikageuka.

"Yale yote," akasema. Akapumzika. Midomo yake ikalitafuta neno, nikaona linakuja, linarudi. "Makusudi?"

Povu linanitiririka mpaka kwenye viwiko na mimi natikisa kichwa, ndiyo, hapana, sijui.

"Vitunguu vyangu," akasema. "Vingi!"

Nilicheka, na kucheka kukageuka kuwa kitu kingine. Mwiko ukamdondoka, akanyoosha mkono wa kushoto. Nikadhani anataka mwiko, nikamwokotea. Akautupa chini, akanishika mkono na povu lake lote. Na hapo akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, na nafasi zake, maana kila moja alilifuata mbali:

"Kesho... pika vizuri. Nitasema... tu."

Sasa sikia ya leo. Shangazi yako yuko njiani kurudi kwake, tumebaki wawili. Mchana nikapika maharage na wali, bila kosa hata moja. Nikampakulia. Akala kijiko cha kwanza. Kimya. Cha pili. Kimya. Nikajiambia, haya, yamekwisha, mzee, umeiharibu dawa kwa sababu ya majivuno. Nikainama nikaanza kula, nisimwonyeshe uso wangu. Akaweka kijiko chini. Shingo ikamkaza, kipaji cha uso kikatoka jasho. Nikataka kumwambia aache, si lazima, lakini nikakumbuka mtaalamu alivyoniambia nisimjazie maneno. Nikasubiri. Mchuzi ukaanza kupoa, nikasubiri tu.

"Ta... mu," akasema.

Tangu tuoane, mama yako hajawahi kulisema neno hilo juu ya chakula cha mtu yeyote. Cha wakwe hakulisema, cha hotelini hakulisema. Na yale ya ukali yalikuwa yanamtoka yenyewe, lakini hili alikwenda mwenyewe kulichukua akanipa. Nampenda mama yako, Kijiko. Sijui kama niliwahi kukuambia hivyo waziwazi, basi nakuambia.

Kwa hiyo futa ombi langu la Jumatano. Usinitumie makosa. Nitumie mapishi, ya kweli, ya huko uliko, hata kama viungo vyake hatuna tutabahatisha. Na Jumapili ukipiga simu, usiniulize anaendeleaje. Sema, "Mpe mama." Kisha usimwonee huruma, usimalizie maneno yake, usilie kwa nguvu akakusikia. Mwambie keki yako inatoka tofali, umwulize kwa nini. Halafu subiri, hata ikichukua muda, salio la simu nitakutumia mimi.

Shangazi yako anakusalimu, na anasema umeadimika. Fundi cherehani anakusalimu, ameanza kufungua dirisha. Mafundi wa karakana wanakusalimu pia, wana huzuni kidogo kwa sababu jiko la gundi limerudia gundi. Nisalimie yule rafiki unayelala naye chumba kimoja, mwambie asile tofali, asubiri.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, riziki, na dirisha linalofunguka. Tunakuombea kila tukikaa mezani, na sasa tunakuombea kwa sauti.

Ni mimi baba yako nikupendaye, seremala kwa kazi na mpishi kwa kulazimika,

Fundi.

Nyongeza: Barua hii nimeimalizia jikoni, mbele yake, maana sina tena cha kuficha. Nimemsomea yote kuanzia mwanzo. Pale pa vitunguu alicheka, pale pa kuogopa alinishika mkono, na nilipofika kwenye keki akagonga meza kwa kiganja. Nikamwuliza kuna nini. "Ndizi nne," akasema. "Andika." Basi ni nne, mwanangu, si tatu. Na hilo, nakuapia, halikuwa la makusudi.